Rafu inayoelea: kazi kubwa iko ukutani

Rafu inayoelea ni ile ambayo huoni kilichoishika. Haina L ya chuma chini yake wala nguzo pembeni. Anayetaka kujitengenezea huanza kuhangaikia mbao: iwe nene kiasi gani, ya mti gani, ipakwe nini. Lakini mbao ni nadra kuvunjika. Panaposhindwa ni pale rafu inapokutana na ukuta, na pana njia mbili za kushindwa. Ama skrubu zinang'oka taratibu, ama rafu inainamia mbele tangu siku ya kwanza kwa sababu ya milimita moja iliyodharauliwa nyuma.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua vipimo vyote vinavyofuata. Chukua rafu yenye kina cha sentimita 25, inayobeba jumla ya kilo 25 zilizotawanyika sawasawa, uzito wake yenyewe ukiwemo. Mzigo huo unafanya kazi kana kwamba wote umekaa katikati, sentimita 12.5 kutoka ukutani. Ukingo wa chini wa rafu unausukuma ukuta, na skrubu zilizo juu yake zinavutwa kutoka. Skrubu zikiwa sentimita 3.9 juu ya ukingo huo, zinavutwa kwa 25 × 12.5 ÷ 3.9, yaani kilo 80 hivi. Gawanya kwa skrubu 6, kila moja inapata kilo 13 na ushee, na fisha nzuri (kile kiplastiki kinachoshika skrubu ndani ya ukuta) kwenye zege au tofali imara haitishwi na hizo. Sasa mtoto wa kilo 30 aning'inie ukingo wa mbele: 30 × 25 ÷ 3.9 ni kilo 192 nyingine juu ya zile 80.

Ukifanya rafu iwe nene zaidi, skrubu zikae sentimita 6.4 juu ya ukingo wa chini, zile kilo 80 zinashuka hadi 49. Kwa hiyo unene wa rafu inayoelea si urembo tu. Anayetaka rafu ya kina cha sentimita 35 na unene wa sentimita 3 anaomba mambo mawili yasiyopatana, na namshauri achague moja.

Ukuta kwanza

Kabla ya kununua hata msumari, jua ukuta wako umejengwa kwa nini. Toboa tundu dogo la milimita 5 au 6 mahali ambapo rafu itapaficha, kisha tazama vumbi na usikilize drili. Vumbi la kijivu na drili inayokwenda kwa shida ni zege. Vumbi jekundu ni tofali la kuchoma. Drili ikipenya ghafla kama imeanguka ndani, una tofali lenye matundu au ukuta wa jipsamu wenye uwazi nyuma.

Zege na tofali lililojaa ndivyo vinavyofaa zaidi. Fisha ya milimita 8 yenye urefu wa milimita 50 inatosha, mradi urefu huo wote uwe ndani ya tofali na si ndani ya plasta. Wengi hukosea hapo. Plasta ya sentimita 1.5 haishiki kitu, ipige hesabu kama hewa. Mbao ya ukutani ikiwa na milimita 45, plasta 15 na fisha 50, jumla ni 110, basi skrubu yako ni ya 6 × 120. Ile ya milimita 80 itaingia fisha kidogo tu na itaonekana imekaza vizuri, mpaka vitabu vipangwe.

Kwenye tofali lenye matundu, zima mpigo wa nyundo wa drili na utoboe kwa kuzungusha tu, la sivyo ukuta mwembamba wa ndani ya tofali utapasuka na fisha itabaki inacheza. Hapo fisha ndefu ndiyo inayofaa, au bora zaidi gundi ya nanga (gundi kali ya kushikia vyuma ukutani) inayomiminwa ndani ya chujio la plastiki, ambayo hupenya kwenye vitundu vya chujio, huganda ndani ya uwazi wa tofali na kujishikilia.

Ukuta wa jipsamu haushiki rafu kwa fisha, hata zile zinazojitanua nyuma. Fisha hizo hubeba mzigo unaovuta kwenda chini, lakini rafu inayoelea inavuta kuelekea nje, na karatasi ya jipsamu inachanika. Tafuta nguzo za ndani. Kwa kawaida hupangwa kila sentimita 40 au 60, na sumaku ndogo ikiburutwa ukutani itanasa kwenye vichwa vya skrubu zilizozishika mbao za jipsamu. Nguzo zikiwa za mti, piga skrubu iingie angalau milimita 40 ndani yake. Na ukuta wa udongo, au wa tofali linalovunjika kwa kucha, mwekee rafu ya kawaida yenye L za chuma.

Nyaya za umeme mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, wakati mwingine hupita mlalo kati yake. Usitoboe kwenye mistari hiyo. Mabomba ya jikoni na bafuni nayo ni hivyo hivyo.

Vipimo vya rafu moja

Rafu ninayoieleza ina urefu wa sentimita 120, kina cha 25 na unene wa milimita 63. Ina sehemu mbili: kiunzi kinachofungwa ukutani, na sanduku lenye uwazi ndani linalovishwa juu yake.

Kiunzi kinahitaji mbao ya milimita 45 × 45 iliyopigwa randa, iliyonyooka na kavu. Kata mgongo mmoja wa milimita 1120, ndio utakaolala ukutani, na mikono mitano ya milimita 160, itakayotokeza mbele. Baada ya kukata, punguza urefu wa kwenda juu kwa milimita moja, ubaki 44, ili sanduku liingie bila kupigwa nyundo.

Sanduku linahitaji plaiwudi ya milimita 9, vipande viwili vya 1164 × 240. Ukikata kwa mpango, shiti moja ya 1220 × 2440 inatoa vipande 10, yaani rafu tano: igawe kwanza katikati ya urefu wake, halafu kila nusu itoe vipande vitano vya milimita 240. Hata ukihesabu milimita 3 zinazoliwa na msumeno kila mkato, unatumia 1212 kati ya 1220. Nyuzi za uso wa plaiwudi zifuate urefu wa rafu. Ndani ya sanduku kuna papi (vipande vyembamba vya mbao) za unene wa milimita 20 na kimo cha 45: mmoja wa 1164 wa kukaa mbele, na miwili ya 212 ya pembeni. Mwisho ni mbao ya uso, unene milimita 18, kimo 64: ya mbele 1200, za pembeni mbili za 240. Hii ndiyo itakayoonekana, kwa hiyo pesa za mbao nzuri ziwekwe hapa na si kwenye kiunzi.

Angalia kwamba plaiwudi ni 240 wakati kina kinachohitajika ni 232. Hizo milimita 8 ni za kuchonga nyuma ili rafu ifuate mawimbi ya ukuta. Usizikate mapema.

Kuhusu ukavu: mbao iliyotoka kukaa nje iache ndani ya chumba itakamofungwa kwa wiki moja au mbili, ikiwa imetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite pande zote. Mbao ya mgongo ikijipinda baada ya kufungwa, inapinda na rafu.

Kiunzi

Weka mkono mmoja kwenye kila ncha ya mgongo, mitatu iliyobaki igawe nafasi sawa, takriban milimita 269 kutoka kitovu hadi kitovu. Kila mkono unashikwa na gundi na skrubu mbili za 5 × 100 zinazopigwa kutoka nyuma ya mgongo, moja juu na moja chini, milimita 12 kutoka kila ukingo. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 3, maana skrubu hizi zinaingia kichwani mwa mbao, ambako nyuzi hupasuka upesi na hushika kwa udhaifu. Mwenye patasi nzuri achonge mfereji wa milimita 10 kwenye mgongo na aingize mkono humo, huku akiurefusha mkono kwa kiasi hicho hicho. Kiungo cha namna hiyo hakitegemei skrubu peke yake.

Vichwa vya skrubu hizo vizame kabisa. Pitisha kucha: ikikwama popote, zamisha tena. Mgongo una kimo cha milimita 44 tu, na rafu ina kina cha 250. Kichwa kilichochomoza milimita moja kwenye nusu ya juu ya mgongo kitausukuma utoke ukutani, na mbele ya rafu itashuka zaidi ya milimita 5. Punje ya mchanga wa plasta hufanya vilevile.

Hakikisha kwa guni (kipimo cha pembe mraba) kwamba kila mkono uko sawa na mgongo, kisha laza kiunzi juu ya meza iliyonyooka. Kikicheza, kuna mkono uliopinda. Ni rahisi kurekebisha sasa.

Toboa matundu ya skrubu za ukutani kwenye mgongo kwa biti ya milimita 6.5, yote kwenye mstari ulio milimita 15 kutoka ukingo wa juu: mawili katika kila nafasi ya pembeni na moja katika kila nafasi ya kati, jumla 6. Tundu la mgongoni lazima liwe pana kuliko skrubu. Likibana, skrubu itaushika mgongo kabla haujagusa ukuta, na utakaza mpaka jasho likutoke huku mwanya ukibaki palepale.

Sanduku

Gundisha papi zote tatu juu ya kipande cha chini, ule wa mbele ukiwa sambamba na ukingo, kisha funika na kipande cha juu. Tumia gundi nyeupe ya mbao na misumari membamba ya milimita 25 kuzuia vipande visiteleze. Bana kwa klampu angalau saa moja, na usilifanyie kazi nzito kabla ya saa 24. Gundi iliyomwagikia ndani ifute kwa kitambaa kibichi mara moja. Tone lililokauka mahali mkono unapopita litazuia kiunzi kuingia, na hutaweza kulifikia.

Kabla ya kubandika mbao ya uso, ingiza kiunzi kikavu ndani ya sanduku. Kiingie kwa kusukumwa na viganja. Kikiingia chenyewe kwa uzito wake, kimelegea mno, bandika ukanda mwembamba wa veneya (ganda jembamba la mbao) juu ya mikono. Kikigoma, piga randa mikono na usiguse sanduku.

Mbao ya uso ina milimita moja ya ziada kwa kimo. Igundishe ikizidi kidogo juu na chini, kisha ipige randa mpaka ilingane na plaiwudi. Msasa namba 120, halafu 180, halafu 240, na vanishi mara mbili au tatu. Paka kabla ya kufunga.

Kufunga

Chora mstari kwa pima maji, na pima maji hiyo uijaribu kwanza: weka ukutani, weka alama, igeuze ncha kwa ncha, na kiputo kikisimama mahali tofauti usiiamini. Chumba chenye dari au sakafu iliyoinama kinaleta mtihani, kwa sababu rafu iliyo sawa kabisa itaonekana imepinda. Mimi hufuata pima maji, isipokuwa rafu iko sentimita 20 au chini ya hapo kutoka darini.

Inua kiunzi kwenye mstari, piga skrubu moja ya katikati au weka alama za matundu yote kwa msumari mrefu. Toboa ukuta kwa biti yenye kipimo cha fisha, milimita 8 kwa fisha ya 8, na kina kizidi urefu wa fisha kwa sentimita moja. Zungushia biti utepe kuonyesha mwisho, ukihesabu na plasta. Drili ikae pembe mraba na ukuta. Puliza vumbi ndani ya tundu, kwa mrija au pampu ndogo, mara kadhaa. Vumbi lililobaki hufanya kazi kama ulanga kati ya fisha na tofali. Vaa miwani unapopuliza.

Funga skrubu zote bila kukaza, kisha weka pima maji juu ya mkono mmoja, kutoka ukutani kwenda mbele. Kazi ya kweli inaanza hapa. Kuta chache sana ziko wima sawasawa, na mgongo unafuata ukuta. Mbele ikiwa imeshuka milimita 4, unahitaji kabari ya milimita 0.7 tu nyuma ya ukingo wa chini wa mgongo, unene wa vipande viwili au vitatu vya kadi. Mbele ikiwa imeinuka, kabari iende juu. Sukuma kabari karibu na kila skrubu, kaza kidogo, pima tena kila mkono, na usonge hivyo mpaka mikono yote mitano isome sawa. Tegesha mbele iwe juu kwa milimita 2. Mzigo ukipanda, kila kiungo kitajibana kidogo na rafu itakaa sawa. Ukifunga sawa kabisa ikiwa tupu, itainama ikipakiwa.

Kisha tazama kutoka upande mmoja kama mikono yote iko kwenye mstari. Ukuta wenye kibyongo katikati unaupinda mgongo, na mikono inatawanyika kama vidole. Parua kibyongo kwa patasi ya zamani au jaza kabari pande zilizobonyea. Kukaza skrubu kwa nguvu hakuondoi kibyongo, kunaupinda mgongo zaidi.

Visha sanduku. Litagusa ukuta mahali fulani na kuacha mwanya kwingine. Chukua penseli pamoja na kijiti chenye unene wa mwanya mkubwa zaidi, viburute ukutani ili penseli ichore umbo la ukuta juu ya plaiwudi, kisha toa sanduku, chonga mpaka kwenye mstari, ulirudishe. Fanya hivyo juu na chini. Watu huhangaika na ukingo wa juu kwa sababu ndio unaoonekana, na kuuacha wa chini. Rudi kwenye hesabu yetu: kipande cha chini kisipogusa ukuta, egemeo linahamia ukingo wa chini wa mgongo, zile sentimita 3.9 zinakuwa 2.9, na skrubu zinavutwa kwa kilo 108 badala ya 80. Mwanya wa juu unaziba kwa puti. Wa chini uchongwe mpaka uishe.

Mwisho, funga kipande cha juu kwenye mgongo kwa skrubu za 3.5 × 30 kila sentimita 20, milimita 22 kutoka ukutani. Hizi si za kuzuia sanduku lisichomoke tu. Rafu ikilemewa, plaiwudi ya juu inavutwa kama kamba na ya chini inasukumwa, na skrubu hizi ndizo zinazofikisha mvuto huo kwenye mgongo badala ya kuiachia mikono peke yake. Ongeza skrubu moja kutoka chini kwenye kila mkono. Usitie gundi, ukitaka siku moja uiondoe bila kuvunja.

Fimbo za chuma ndani ya ubao mmoja

Wanaopenda ubao mzito wa kipande kimoja hutumia fimbo za chuma za milimita 12. Ubao uwe na unene wa milimita 40 au zaidi. Kwa kina cha sentimita 25, fimbo iingie ndani ya ubao sentimita 15 au zaidi na ukutani sentimita 8 hadi 10, ikishikwa na gundi ya nanga. Ni safi na ni nyepesi kwa macho, lakini haisamehe. Tundu likikosea digrii 1 tu, kwa sentimita 15 fimbo inapotea milimita 2.6, na fimbo tatu zilizopotea kila moja upande wake haziingii kamwe. Tengeneza kiongozi cha drili kwa kipande cha mbao ngumu kilichotobolewa kwenye drili ya meza, ukitumie kwa ubao na kwa ukuta. Toboa ubao kwa milimita 13. Na ubao mzima upakwe vanishi pande zote sawa, wa juu na wa chini, maana upande uliobaki mtupu hunywa unyevu na ubao hukunjamana.

Yanayoharibika baadaye

Fisha ikizunguka pamoja na skrubu, tundu limekuwa pana. Usijaze njiti za kiberiti. Panua utumie fisha ya milimita 10, au hamia sentimita 5 pembeni, au tumia gundi ya nanga. Rafu ikicheza juu na chini huku mgongo ukiwa imara, mikono imelegea ndani ya sanduku: fungua, bandika veneya, rudisha. Mbele ikishuka huku mwanya ukifunguka juu ya mgongo, skrubu za ukutani zinatoka. Pakua vitu vyote siku hiyo hiyo.

Rafu mpya ipakie kwa awamu. Pima urefu kutoka sakafuni hadi ukingo wa mbele ikiwa tupu, uandike, weka nusu ya mzigo, pima kesho yake, kisha weka uliobaki. Kushuka milimita 1 au 2 kwa siku ya kwanza ni kukaa kwa viungo. Ikiendelea kushuka siku ya tatu na ya nne, kuna skrubu iliyoshika plasta tu, na mara nyingi ni mojawapo ya zile za pembeni. Vitabu vizito vipangwe nyuma karibu na ukuta, na vyenye kina kifupi visivutwe mbele ili vilingane na ukingo.

Skrubu za ukutani zikazwe tena baada ya miezi michache, kabla ya kuziba vichwa vya skrubu za juu kwa puti. Mbao ya mgongo ikikauka husinyaa kidogo, na mara nyingi utapata nusu mzunguko wa kukaza.